Nyumba ya Televisheni

Mtu wa brashi alifika kwenye hema la Révérien, akalitazama kuanzia juu mpaka chini, akalipita.

Upande wa kulia alikuwa amepaka hema la mama Sikuzani alama nyeupe, pana kama kifua cha mtu. Upande wa kushoto akapaka vilevile. Lile la katikati akaliacha na matope yake. Kwenye kambi nzima hakuna aliyehitaji kufafanuliwa maana ya rangi ile. Hema lenye alama lingepakiwa kwenye lori, wenyewe wapelekwe mlimani walikopimiwa viwanja, mbali na mto Rusizi na maji yake. Hema lisilo na alama lingevunjwa, na mwenyewe ajijue.

Révérien alikuwa amechuchumaa anafunga mnyororo wa baiskeli yake, ile anayobebea nyanya na unga wa watu kupita mpakani. Akasimama, mikono imejaa grisi.

"Bwana, umesahau hapa."

"Sijasahau. Nimeambiwa."

"Umeambiwa na nani?"

"Enda kwa shefu. Mi kazi yangu ni rangi."

Mama Sikuzani, mjane wa kutoka Uvira ambaye alikuwa anakaanga mandazi mbele ya hema lake, hakuinua hata macho kutoka kwenye karai.

"Papa Nella, na we uko na tamaa! Nyumba ya Mutanga haikutoshi? Unataka na ya mulimani, utie mbuzi?"

Wanawake waliokuwa wanangoja mandazi wakacheka. Révérien naye alijaribu kucheka, kwa sababu mama Sikuzani ndiye humpa binti yake Nella mandazi ya asubuhi bila kudai kitu, lakini kicheko kikagoma kutoka.

Hema hilo lilikuwa limeshikilia jambo kubwa kuliko usingizi wake. Tangu mkewe Dévote afariki, mwaka ule maji yalipoingia Gatumba na kuondoka na nyumba yao ya matofali mabichi, kaka yake Dévote, Astère, alikuwa anamtaka mtoto. Alikuwa amesema mbele ya wazee wote wa ukoo kwamba binti hakui chini ya shitingi, turubai la msaada, amelala na baba peke yake, choo cha watu mia. Révérien akamwomba angoje. Nipate paa tu, shemeji, paa na mlango wa kufunga. Astère akakubali kungoja mpaka shule zifungwe. Na shule zilikuwa zinafungwa.

*

Shefu Claude, msimamizi wa kambi, alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki chini ya kibaraza cha bati, kibaraza pekee pale kambini ambacho hakijawahi kuvuja. Alimpokea Révérien kwa furaha, na hiyo ndiyo iliyomtia Révérien hofu.

"Ah, mutu wa televisheni! Karibu. Bibi yangu alilia, unajua? Alilia kabisa, siku alikuona unapokea ufunguo."

"Shefu, hema yangu haikupakwa."

"Itapakwaje? Kiwanja ni cha mutu hana nyumba."

"Mi sina nyumba."

Claude akatabasamu kama mtu anayetaniwa na rafiki. Akatoa simu, akaitafuta video, akaweka kioo baina yao. Révérien akajiona: shati jeupe, uso umepakwa mafuta, mkubwa mmoja wa suti anamwekea ufunguo kiganjani, watu wanapiga makofi. Akajisikia anasema, kwa sauti aliyoiona ngeni: "Nashukuru wakubwa wetu. Sasa na mi niko na nyumba." Halafu Nella anakimbia chumbani, anajitupa kitandani, anafungua dirisha, anacheka na pengo lake la meno ya mbele. Muziki. Mwisho.

"Huyu ni nani?" Claude akauliza.

"Ni mi. Lakini baadaye waliuchukua ufunguo."

"Wapi?"

"Palepale mulangoni."

"Nionyeshe." Claude akairudisha video mwanzo, akampa simu aishike mwenyewe. "Nionyeshe mahali wanauchukua."

Révérien akaangalia tena mpaka mwisho, grisi ya vidole vyake ikichafua kioo. Ufunguo uliingia kiganjani, na hapakuwa na mahali unapotoka.

"Shefu, we unanijua. Kila asubuhi unaniona natoka kwa ile hema. Jana umeniona nikipanga foleni ya maji, hata umenisalimia."

"Nimekusalimia, ndiyo. Nikajiuliza, huyu mutu mbona bado anateseka hapa bure?" Claude akaifuta simu kwa shati lake. "Papa Nella, mi niko na wakubwa juu yangu. Na wao wameona hii. Nikiwapelekea jina lako watasema shefu Claude anauza viwanja. Unataka nifungwe?"

Wakubwa wa nchi hii wana macho ya ajabu. Mtu akisimama mbele yao na matope mpaka magotini, hawamwoni. Mweke kwenye kioo, watamwona hata gizani.

*

Siku ya ile filamu Révérien alikuwa amefua shati lake la kanisani, akalikunja vizuri chini ya godoro usiku kucha ili linyooke. Orlane, dada wa shirika la misaada anayeshughulikia mambo ya picha, alipomwona nalo akamshika bega kwa upole. "Muzee, uko safi sana. Hakuna lingine?" Hakuwa na lingine baya kiasi walichotaka, ikabidi waazime kwa jirani. Nella akavuliwa viatu. Révérien wakampiga picha akichota maji, akiketi, akiangalia mbali. Walipomuuliza habari za Dévote akalia, ila lori lilipita likipiga honi, sauti ikaharibika, wakamwomba alie tena. Akalia tena. Hakuona aibu, machozi yalikuwepo mengi.

Kisha wakawapandisha gari, yeye na Nella, mpaka Mutanga Nord, mtaa wa wenye pesa, kwenye nyumba yenye geti la kijani na maua ya zambarau juu ya ukuta. Huko ndiko alikopewa shati jeupe. Yule mkubwa wa suti akakabidhi ufunguo mara ya kwanza, simu yake ikalia. Mara ya pili akakosea jina. Mara ya tatu ikakubalika.

Kamera zilipozimwa, Orlane aliutoa ufunguo kiganjani mwa Révérien taratibu, kama mtu anavyomtoa mtoto kijiko mdomoni.

"Hii ni mufano tu, Muzee. Kuonyesha mradi. Nyumba zenyewe zinakuja, wakubwa wamebakia tu kusaini."

Wakawapa Fanta na miche ya sabuni, wakawateremsha njiani wamalizie kwa miguu. Nella aliuliza kwa nini wanarudi Gatumba. Révérien, ambaye hakuwa na jibu jingine na alitaka amalize Fanta yake kwa amani, akasema: "Rangi bado haijakauka."

Kosa lake liko hapo, kama ni kosa. Mtoto akayashika maneno hayo, akayapeleka shuleni, akayapeleka kwa jirani. Kila alipoazima simu ya mama Sikuzani kuitazama video, alirudi na habari mpya ya nyumba yao: pazia, taa, shuka yenye maua.

*

Alipotoka kwa Claude alikwenda mjini kwa baiskeli kumtafuta Orlane. Ofisi ya shirika ilikuwa upande wa Nyakabiga, ghorofa ndogo yenye vigae. Msichana wa mapokezi akamuuliza ni nani na anamtaka nani.

Juu ya kichwa chake huyo msichana, ukuta mzima, alikuwepo Révérien. Picha kubwa kuliko mlango. Kila kunyanzi la uso, na ufunguo umeinuliwa karibu na shavu.

"Mi ni huyo," akasema, akionyesha.

Msichana akageuka, akatazama picha, akamtazama yeye, shati lenye jasho na suruali iliyofungwa kamba kwenye kifundo isiliwe na mnyororo. "Ngojea nje kidogo, Papa," akasema.

Akangoja juani. Orlane alipotoka alimkumbatia kabisa, mbele ya watu, akanukia vizuri. Akamletea maji baridi. Hakuwa mtu mbaya, na Révérien angependa awe mbaya, ingemrahisishia.

"Dada, mupigie shefu Claude. Maneno mawili tu. Mwambie mi sina nyumba."

Orlane akakaa kwenye ngazi, kando yake. "Muzee, ile filme imezunguka mpaka ulaya. Wafadhili wamelia. Leo nikisema hukupata nyumba, watasema sisi ni waongo. Na hizo zingine hazitajengwa."

"Zipi zimejengwa?"

Orlane akaangalia barabarani. "Tuko ku taratibu."

"Na ile ya Mutanga ni ya nani?"

"Ya mutu wa kwa mukubwa. Alituazima tu, siku moja." Halafu uso wake ukachangamka, akamgeukia. "Lakini kuko habari nzuri. Wanataka sehemu ya pili! Maisha yako sasa. We umekaa ku baraza, unakunywa chai, Nella anatoka shule na yunifomu mupya."

"Chai ya wapi, dada?"

"Tutaleta sisi. Usijali chai."

Révérien akalirudisha kopo la maji mezani kwa yule msichana, akasema asante, kwa sababu hivyo ndivyo alivyolelewa. Alipopita chini ya picha yake aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayempisha mkubwa njiani.

*

Jumamosi, kabla ya saa sita, simu ya Astère ikaingia. Sauti ilikuwa ya sherehe.

"Shemeji! Tumefika stendi. Tuje tushike njia gani ya kwako?"

Walikuwa wamekuja kuitaha nyumba. Kwetu Burundi mtu hajengi akalala tu, lazima ukoo uje na pombe, unywe ndani, uisemee nyumba maneno mazuri, ndipo iwe nyumba. Astère alikuwa na koti la harusi, na jerikani ya pombe ya ndizi iliyofungwa jani la mgomba mdomoni. Wanawake wawili wa ukoo walikuwa wamejifunga imvutano zao, mavazi ya siku kuu, vikapu vya mifuniko mirefu vichwani: maharage na unga wa ulezi.

Révérien alikwenda kuwakuta, amemshika Nella mkono. Akawaambia ukweli palepale stendi, katikati ya kelele za makondakta, kwa sababu hakuona mahali pengine pa kuusemea.

Astère akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka kidogo, bila furaha.

"Nilikuona kwa bar ya kwetu. Bar nzima ilisimama. Nikasema, yule ni shemeji yangu, na nikawanunulia watu wote, na mi si tajiri. Sasa unaniambia niliona nini? Ndoto?"

"Uliona filme."

"Filme ni ya Wahindi, ya watu wanapigana. We nilikuona kwa habari!" Akashusha sauti, na hiyo ikawa mbaya zaidi. "Sema tu kuna mwanamuke ndani. Dada yetu amekufa, we ni mwanaume, hatutakukula. Lakini usitufiche mulango."

"Basi twende," Révérien akasema. "Twende muone."

Hata yeye hakujua kwa nini alisema. Labda kulikuwa na sehemu ndani yake, iliyotazama ile video kwenye simu ya Claude mara mbili, ambayo nayo ilikuwa imeanza kuamini.

Wakapanda kwa miguu mpaka Mutanga Nord, wanawake na vikapu vyao, watu wa magari wakiwageukia. Geti la kijani lilikuwepo. Maua ya zambarau yalikuwepo. Nella akaachia mkono wa baba yake, akakimbia mbele.

Mlinzi, Mkongomani mmoja mrefu aitwaye Mugisho, alifungua kidirisha cha geti, akamwona Révérien, akapiga kofi.

"Eh! Bosi! Nyota ya sinema! Habari ya siku nyingi?"

Astère akamtazama Révérien. Akavuta pumzi kwa pua. *Bosi.*

"Mugisho, ndugu yangu," Révérien akasema haraka, "hawa ni shemeji zangu. Waambie hii nyumba ni ya nani."

"Ya patron, yule ananilipa. Kwani ya nani?"

"Waambie mi sikukaa hapa."

"Kukaa?" Mugisho akacheka. "We ulikuja, ukaingia, ukatoka. Unataka kuingia tena?"

"Dakika moja tu. Waone kama vitu vyangu havimo."

"Na kamera iko wapi?" Mugisho akachungulia barabarani, kulia na kushoto, kana kwamba anaitafuta kweli. "Siku ile uliingia na kamera, bosi. Bila kamera hii geti haikujui. Mi mwenyewe napenda nikufungulie, lakini naogopa mukate wangu."

Nella alikuwa ameganda kwenye uwazi wa geti, jicho moja ndani.

"Mjomba," akaita. "Kile ni chumba changu. Lile dirisha ni mi nililifungua."

Astère akachuchumaa mbele ya mtoto, koti la harusi likagusa vumbi. Akauliza kwa upole sana. "Ulilala humo, mama?"

Nella akamwangalia baba yake, akarudi kwa mjomba. "Ndiyo. Kitanda kikubwa. Shuka iko na maua ya njano na ndege."

"Walimwambia alale!" Révérien akasema. "Walimwambia afumbe macho, wakapiga picha, akaamka!"

"Mutoto hawezi kujitungia maua ya njano," Astère akasema, akasimama. "Sasa nimeelewa. Umeiuza."

"Shemeji!"

"Umeiuza nyumba ya mutoto. Ndiyo maana hata mulinzi anakujua kwa jina la bosi. Na pesa umekunywa, maana hapo mwilini siioni."

"Sikuuza. Sikupewa!"

"Nchi nzima imekuona ukipewa!"

Hapo Révérien akakaa chini kwenye ukingo wa mtaro. Alikuwa na maneno, ila yalikuwa maneno ya mtu mmoja. Upande wa pili ilikuwepo suti, muziki, makofi ya watu, na mtoto wake mwenyewe.

Wanawake wakatua vikapu, wakaangalia pembeni kwa heshima, kama mtu anavyoangalia pembeni mgonjwa akijisaidia. Pombe ya kutaha nyumba hairudishwi ilikotoka, ni mkosi. Astère akaipitisha jerikani kwenye geti dogo, akamwekea Mugisho miguuni.

"Kunywa we," akasema. "We ndiye uko ndani."

Mugisho akaangalia jerikani, akamwangalia Révérien, na kwa mara ya kwanza hakucheka. Lakini aliipokea.

Hawakubishana juu ya mtoto. Mmoja wa wale wanawake alimshika Nella mkono, akamwambia kwao mlimani kuna mbuzi wachanga, na likizo ndiyo hiyo imeanza. Stendi, kabla basi halijawashwa, Nella akatoa kichwa dirishani.

"Papa, rangi ikikauka utakuja kunichukua?"

Astère alikuwa anamwangalia. Basi zima lilikuwa linamwangalia, watu wameanza kunong'onezana kwamba sura ile wanaijua.

"Ndiyo," Révérien akasema. "Ikikauka tu."

*

Malori yalikuja yakabeba mahema yenye alama. Mama Sikuzani alipanda na karai lake mapajani, akamtupia shitingi kuukuu na kifuko cha mandazi. "Papa Nella," akaita lori likiondoka, "usitusahau huko kwenye maua!" Hakuwa anamcheka. Alimaanisha, naye alikuwa jirani yake aliyelala ukuta kwa ukuta naye, akimsikia akikohoa.

Hema la katikati lilivunjwa kabla ya adhuhuri. Claude alisimamia mwenyewe, akamsaidia hata kufunga godoro kwenye baiskeli. Alimtakia maisha mema.

Sasa Révérien analala nyuma ya bar moja ya barabara ya mpakani, chini ya ile shitingi, kwa ruhusa ya mwenye bar, ambaye Révérien humfagilia na kumchotea maji. Shirika halijarudi na chai. Kwenye simu Astère hapokei, au anapokea mtu mwingine na kusema mtoto yuko kisimani.

Ila bar ina televisheni. Na ile filamu bado inapita, mara nyingi jioni kabla ya habari, hasa wakubwa wanapokuwa na ziara mahali. Jioni moja muziki wake ulipoanza, dereva mmoja wa lori kutoka Congo, mgeni, chupa ya Primus mbele yake, akatingisha kichwa.

"Ona huyu muzee. Amekula nchi, huyu. Kuko watu na bahati yao."

"Ndiyo," akasema Révérien, ufagio mkononi. "Huyo iko na bahati."

Dereva akanyoosha mkono kwa rimoti, atafute mpira.

"Apana, apana, patron, nakuomba." Révérien alikuwa ameacha ufagio ukaanguka. Alikuwa amesogea mpaka karibu na kioo, mwanga wake ukampaka usoni. "Ngojea kidogo. Sasa hivi mutoto anafungua dirisha."